Mwamuzi Asiyejibu: Mashindano ya Sanaa, kutoka Warsaw hadi Mkomani

Mnamo Oktoba 1980, katika mashindano ya kimataifa ya piano ya Fryderyk Chopin, ambayo kwa kawaida hufanyika Warsaw kila baada ya miaka mitano, kijana wa Yugoslavia aitwaye Ivo Pogorelich aliondolewa kabla ya fainali. Mpiga piano wa Argentina, Martha Argerich, aliyekuwa mmoja wa waamuzi na ambaye mwenyewe alishinda mashindano hayo hayo mwaka 1965, alijiuzulu kwa kuupinga uamuzi huo, akitangaza kwamba kijana yule alikuwa na kipaji cha hali ya juu kabisa. Kisa hiki husimuliwa aghalabu kama kisa cha jopo lililokosea. Makala haya yanakichukulia kwa namna nyingine. Masikio ya wanadamu hutofautiana, na yamkini waliomnyima Pogorelich alama walikuwa waaminifu kwa kile walichokisikia. Suala la kimaadili ni jingine: mtu anayemhukumu msanii chipukizi anawiwa nini na huyo anayemhukumu?

Suala hili si geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kama linavyoweza kuonekana. Kitenzi chenyewe kina la kusema. Kushinda ni tendo la mmoja. Kushindana ni la wawili, na mnyambuliko wa kutendana unadai kwamba kila mmoja awe mtenda na mtendwa kwa wakati ule ule. Hapana nafasi ya mtu wa tatu aketiye mezani na kalamu yake. Mashindano ya kale ya ushairi wa Lamu, kwa hakika, hayakumhitaji mtu huyo. Katika ngoma ya gungu iliyochezwa harusini, mshairi alifunga fumbo na mwenziwe akatakiwa kulifungua kwa ubeti. Aliyeshindwa kulifungua alijulikana na wote waliohudhuria bila ya kutangazwa. Vivyo hivyo, mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama ulioishia katika vita vya Shela, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walijibizana kwa tungo. Aliyetaka kuuonyesha udhaifu wa utungo wa hasimu wake hakuwa na njia ila kutunga ulio bora. Hukumu ilikuwa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa sanaa. Kwa hiyo mwenye kuhukumu alijitia katika hatari ile ile ya kuhukumiwa.

Jopo halijitii katika hatari hiyo. Mwamuzi huandika nambari, na nambari haina hoja ya kujibiwa. Kijana aliyetumia utoto wake wote mbele ya piano husoma orodha ukutani, hakuti jina lake, akarudi kwao. Hapo ndipo tendo la Argerich linapopata uzito wake. Kwa kuondoka mezani alifanya jambo ambalo kanuni hazikumtaka alifanye: alimjibu kijana hadharani, kwa jina lake, na akalilipia jibu hilo kwa kiti chake. (Ipo kauli inayonasibishwa na mtunzi Béla Bartók kwamba mashindano ni ya farasi, si ya wasanii. Lamu, ambako punda hushindanishwa mbio kila mwaka, kauli hiyo ingechekesha. Ila punda anayetangulia huonwa na kila mtu, na hapana haja ya jopo.)

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kuyatukuza majibizano bila ya kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kujibu. Mji wa Lamu kwa desturi una pande mbili: Mkomani kaskazini, penye nyumba za mawe na koo za waungwana, na Langoni kusini, walikokaa zaidi wageni na wanyonge. Majibizano yalihitaji usawa uwepo kwanza. Anayejibiwa ni yule aliyekwisha kukubaliwa kuwa anastahili jibu. Asiyekubaliwa hashindwi, hupuuzwa tu.

Mfano ulio wazi ni wa Habib Swaleh bin Alwy Jamalilail, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliyeweka makao yake Langoni katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akawasomesha watu ambao wakubwa hawakuona haja ya kuwasomesha. Katika Msikiti wa Riyadha, Maulidi ya al-Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut, yalisomwa kwa matari. Baadhi ya wakubwa wa Mkomani walilipinga jambo hilo, kama alivyoeleza Abdul Hamid el-Zein katika kitabu chake cha mwaka 1974. Kwa jicho la mhakiki, Mkomani hapa ilikuwa jopo: ilikuwa na vigezo vya adabu, vya utulivu wa kisomo, na vya nasaba pia, ingawa hicho cha mwisho hakikutajwa kila mara. Haifai kuwabeza. Suala la ngoma msikitini ni suala halisi ambalo wanavyuoni wamelibishania kwa karne nyingi, na mwanachuoni anayekataza hudaiwa dalili. Langoni nayo ilijibu kwa njia yake, kwa kusoma tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Leo Maulidi ya Lamu huwavuta wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo.

Jibu hilo lilichukua umri wa watu, na si kila kijana anao umri wa kungoja. Kwa sababu hiyo upande wa pili wa kisa cha Warsaw nao ustahili kutazamwa. Aliyeshinda mwaka 1980 alikuwa Dang Thai Son, rika la Pogorelich, wote wakiwa wamezaliwa mwaka 1958. Alianza kujifunza piano Vietnam ya Kaskazini wakati wa vita, akaendelea Moscow, na akawa mshindi wa kwanza kutoka Asia. Jopo halikumtaka awe na mtaa wala ukoo. Nambari ile ile isiyojibu ndiyo isiyouliza nasaba, na ni waamuzi wale wale, katika mwezi ule ule, waliomfungulia huyu mlango na kumfungia yule. Anayetaka jopo livunjwe sharti aseme Dang Thai Son angesikilizwa na nani. Linaloweza kudaiwa kwa haki ni dogo zaidi, nalo ni zito: mwamuzi atoe dalili, kwa jina lake, mbele ya aliyehukumiwa.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, mwaka ule ule wa mashindano ya kwanza ya Warsaw, linakaribia sharti hilo, kwani mwamuzi huwaeleza washiriki alichokiona. Lakini dalili nazo huumba kile zinachokipima. Kirumbizi ya Lamu ni ngoma ya fimbo, mtu na mwenziwe, kila mmoja akiwa mwamuzi wa mwingine. Ikipandishwa jukwaani kwa dakika zilizohesabiwa, wawili hao hawashindani tena wao kwa wao. Fimbo hugongana kwa mpangilio uliokubaliwa mazoezini, na macho ya wachezaji huelekea mezani.