Asiyekuwapo, na Lake Lipo?

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sikuwahi kuutilia shaka msemo huu mpaka siku tuliyokwenda kutembea jangwani kama familia, nje kidogo ya mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, hapa Marekani.

Tulifuata bonde la Rinconada, zaidi kidogo ya maili mbili kwenda na kurudi, mchangani na juani. Kando ya njia yapo mawe meusi yaliyotokana na volkeno, na juu yake mamia ya michoro: ndege, wanyama, sura za watu. Wachoraji waligonga uso mweusi wa jiwe kwa jiwe jingine mpaka rangi nyepesi ya ndani ikatokea. Mingi ilichorwa na mababu wa watu wa Pueblo, kati ya mwaka 1300 na miaka ya 1680 hivi. Wenyewe hawapo, lao lipo.

Binti yetu wa miaka tisa akaokota kipande cha jiwe chenye ncha. Alitaka kuandika jina la bibi yake, aliyefariki nyumbani mwaka uliopita nasi tusiweze kwenda kumzika. Nikamkataza.

"Baba, mbona wao waliandika na watu wanakuja kuwatazamia? Mimi nikiandika ni kosa?"

Nikakimbilia sheria. Nikamwambia kwamba sheria ya nchi hii ya mwaka 1979 hulinda mambo ya kale yaliyotimiza angalau miaka 100.

"Basi la bibi nalo likitimiza miaka mia litalindwa."

Nikanyamaza. Kweli, umri peke yake haugeuzi kosa kuwa haki. Katika mawe hayo hayo ipo misalaba iliyochongwa na walowezi wa Kihispania, nayo inahifadhiwa. Inahifadhiwa kwa kuwa ni ushahidi wa yaliyopita, si kwa kuwa wenye mahali waliridhia.

Jibu lililonitosha ni kwamba wenyewe hawajaondoka. Jamii 19 za Pueblo zingali New Mexico, na kwao mahali pale ni patakatifu. Ukiingia msikitini au kanisani kwa watu, huandiki ukutani jina la mzazi wako, hata ukimpenda vipi. Kwetu Kondoa, Tanzania, michoro ya miambani iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wenyeji bado hufanya matambiko huko. Je, tungefurahi mgeni akituandikia jina la bibi yake pale?

Lakini mtoto alikuwa na swali zito zaidi ya hilo. Sisi tusio na jiwe hapa, wala hatukufika kaburini kule, wafu wetu tuwaweke wapi?

Mama yake ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, jina hilo si ndilo lako?"

Ni kweli, tulimpa jina la bibi yake. Akatupa jiwe, akauliza, "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?"

Hapo nikaona aibu. Jina tulimpa, habari za mwenye jina hatukumpa. Ni mtoto niliyemkataza kuandika, na mimi mtu mzima nilikuwa nimeacha kusimulia. Nadhani asiyekuwapo lake huwapo, maadamu yupo wa kulisema.

Tukageuza njia kurudi garini, nami nikaanza kumsimulia.