Dhima ya Mwenye Nuru

Miongoni mwa masuala yaliyojadiliwa na wanavyuoni tangu kale ni hili: je, mtu huulizwa juu ya madhara asiyoyakusudia wala kuyaona? Suala hilo, ambalo wengi hudhani mahali pake ni darasani tu, humkabili kila mwenye gari apitaye usiku katika barabara ya Chalinze hadi Segera. Kwani taa zake za mbele, zikiwa zimeelekezwa vibaya, humpofusha ajaye upande wa pili, ilhali yeye mwenyewe, akiwa nyuma ya nuru yake, haoni ila njia iliyong'aa, akadhani kila jambo limo katika utaratibu wake.

Wataalamu wa fikihi wamepambanua baina ya dhambi na dhamana. Avunjaye chombo cha jirani pasipo kukusudia hana dhambi, lakini ni juu yake kukilipa, kwa kuwa haki ya aliyedhuriwa haifutwi na usafi wa moyo wa aliyedhuru. Hukumu hii ni ya uadilifu mkubwa. Ila katika jambo la taa naona yatupasa kwenda mbele zaidi, kwani udhuru wa kutojua hukubaliwa kwa asiyekuwa na njia ya kujua, na hapa njia ya kujua i karibu mno.

Gari husimamishwa mahali palipo sawasawa, likiukabili ukuta kwa umbali wa mita 10, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, buti haina mzigo usio wa kawaida, na mtu ameketi mahali pa dereva; ukutani huchorwa kwa chaki mstari ulio sawa na kimo cha katikati ya taa, kisha huwashwa mwanga wa chini, na skrubu za kurekebishia zikazungushwa kwa bisibisi mpaka ukingo wa juu wa nuru ushuke sentimita 10 chini ya mstari ule. Katika njia tambarare, taa iliyo sentimita 65 juu ya ardhi, ikiteremka kwa kadiri hiyo, huigusa ardhi mita 65 mbele. Bali ikiinuliwa digrii 1 tu kupita kipimo, haiigusi kamwe, huzidi kupanda hadi machoni mwa watu.

Tofauti ndogo kiasi hicho dereva haitambui. Aitambuaye ni aliyedhurika, naye hupita mbio asipate wasaa wa kushitaki. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, nasi tumezoea kufahamu kuwa ni mwiba na jiwe, lakini nuru iliyopotoka ni udhia ulio mzito zaidi, kwa kuwa jiwe mtu huliona akalikwepa, na nuru hiyo humwondolea macho yenyewe ambayo angekwepea.

Basi asemaye kuwa hakujua, hali ukuta, chaki na bisibisi vyote vimo uwezoni mwake, amefanya taksiri, na mwenye taksiri huulizwa. Nia njema ni mwanzo wa wema wala si ukamilifu wake. Hukamilika inapokubali kupimwa kwa kipimo kilicho nje ya nafsi, kwa ajili ya mtu tusiyemjua jina wala dini, ambaye haki yake juu yetu ni wajibu hata asipotudai.