Maji ni ya Mungu, Pampu Je?

Kuna neno lisikikalo vijijini kila mara mjumbe wa kamati ya maji apitapo kukusanya mchango: "Maji ni ya Mungu. Mbona tuyalipie?" Neno hilo si la kuchekwa. Lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo lastahili jibu.

Ni kweli, hakuna mtu aliyeyaumba maji. Umoja wa Mataifa ulitamka Julai 2010 kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya kila mwanadamu, na Papa Fransisko akayaandika hayo hayo mwaka 2015 katika waraka wake Laudato si'. Bila maji mtu haishi. Basi, amfukuzaye maskini kisimani kwa kuwa hana fedha amkosea Muumba wake.

Lakini Mungu ametupa mto, hakutupa bomba. Maji ya mto mara nyingi yana kipindupindu na kuhara. Yaliyo safi yako chini sana ardhini. Kuyatoa huko ni kazi ya mikono ya watu. Mashine yataka mafuta, na ndani ya pampu mna vipande vya mpira vinavyolika siku kwa siku. Nani avilipie?

Nchi yetu imekwisha kulijaribu swali hili. Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumbani, mwendo usiozidi mita 400. Nia ilikuwa njema kabisa, na maji yalitolewa bure. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa. Kisha mafuta yakapanda bei, vipuri vikakosekana, na mahali pengi mashine zikanyamaza. Mwaka 1991 ulipofika, mamilioni ya watu walikuwa bado wateka maji mitoni na madimbwini. Ndipo sera ya mwaka huo ikaanza kuwataka wananchi wachangie, na ile ya 2002 ikaiweka miradi na gharama za kuiendesha mikononi mwa wanavijiji wenyewe.

Hapo twajifunza jambo moja: kuchimba kisima ni kazi ya mara moja, lakini kumpa mtu maji ni kazi ya kila siku.

Pampu ikifa, ni nani aumiaye? Si mwenye duka. Yeye atanunua maji kwa mwenye mkokoteni. Aumiaye ni bibi mjane, ni mama mjamzito, ni binti anayekosa shule kwa sababu ya ndoo. Kwa hiyo mtu mwenye uwezo anayekataa kuchanga, akisingizia jina la Mungu, hamdhulumu Serikali wala kamati. Anayanywa maji ya mjane. Mweka hazina anayeula mfuko wa maji atenda dhambi iyo hiyo, tena kubwa zaidi.

Wengine watasema: "Mjane akiteka bure, kesho wote watajifanya wajane." Hofu hiyo ina dawa. Mkutano wa kijiji uwataje hadharani wale wasio na uwezo, na wasamehewe bila kuaibishwa. Hesabu za mfuko nazo zisomwe hadharani, shilingi kwa shilingi. Watu hawachoki kutoa; huchoka kutojua walichotoa kimekwenda wapi.

Bwana wetu aliahidi thawabu kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Zamani tulikitoa kikombe hicho kwa mkono, mlangoni petu. Siku hizi hupita katika bomba, na mwenye kiu huenda hatumjui hata jina. Lakini wajibu ni ule ule. Basi mjumbe wa kamati akibisha hodi wiki hii, tumpe mchango wetu. Na siku ya mkutano, tumdai hesabu.