Je, ni Kazi Bure Kumfundisha Mzee Anayesahau?



Katika kutembelea wazee tumekutana na swali ambalo Chuo cha Biblia hakikutufundisha kulijibu. Bibi mmoja wa kijiji chetu hapa kambini haoni tena, na akili yake imeanza kusahau. Kila asubuhi anauliza kama tumekwisha kuvuka ziwa. Binti yake alituambia: "Baba Mchungaji, leo namfundisha njia ya chooni, kesho amesahau. Si kazi bure?"

Mioyoni mwetu tulikubaliana naye. Tulikosea.

Mwaka 1953 huko Marekani kijana Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa, akabaki hawezi kukumbuka mambo mapya. Baadaye mtaalamu Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota akiutazama mkono wake katika kioo tu. Alifanya zoezi siku tatu, na kila siku aliona kama hajawahi kulifanya. Lakini mkono ulizidi kuwa hodari. Ugonjwa wa bibi yetu ni mwingine, tusichanganye. Hata hivyo kwa wazee wengi wanaosahau, mazoea ya mikono na miguu hukaa kuliko majina na tarehe.

Kwanza apelekwe kliniki, maana mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona. Macho ya bibi hayakuwa ya kupasuliwa, basi tukafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Njia ile ile, saa ile ile, maneno yale yale: "Mama, shika kamba." Asiachwe kubahatisha, kwa sababu anayesahau hujifunza hata kosa. Fimbo na kikombe visihamishwe (ninyi wajukuu mnaopenda kupanga nyumba, mtusamehe).

Jambo lingine linatuuma. Bibi alisema anaona watoto wamekaa uani, na wengine, hata wa kanisani, wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Ndugu, macho yakifa, ubongo waweza kujitengenezea picha. Ugonjwa wa kusahau nao huleta mambo hayo. Kumwita mzee mchawi kwa sababu hiyo ni dhambi, na kambini maneno kama hayo yaweza kuua.

Tena binti alikiri kwamba, ili mama akubali kutembea, humwambia: "Kesho tunarudi nyumbani." Yakobo naye alimdanganya baba asiyeona, kwa ngozi za mbuzi, ila yeye alitafuta faida yake. Huyu alidanganya kwa huruma, wala hatuwezi kuwapima kwa kilo moja. Lakini tulimwomba ajaribu kumwuliza, "Mama, kule ng'ambo mlikuwa mnavua nini?" Bibi huanza habari za ndagala na taa za mitumbwi, na huku anasimulia, miguu inakwenda.

Juma lililopita tulimkuta njiani. Alituuliza ni nani aliyefunga kamba mahali pale, kwa maana hakuwahi kuiona. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuishika.