Paka ni Tohara, Meno Yake Je?



Ndugu zangu Waislamu, tumshukuru Allah aliyetufikisha Ijumaa hii, na tumswalie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Hapa Uyole mwenye mahindi ghalani anafuga paka, na mwenye ng'ombe wa maziwa anafuga mbwa. Hakuna ubaya. Mtume ameruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Na swahaba Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Mkwewe alipomshangaa, akamweleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani.

Lakini kuna jambo tunalichanganya, nalo linatuumiza. Tohara ya kisheria ni jambo moja, usalama wa kidonda ni jingine. Mbwa akigusisha pua kwenye kanzu, mtu anahangaika kutafuta maji na udongo. Mtu huyohuyo paka akimng'ata kidole anajifuta kwenye shati na kuendelea kupukuchua mahindi, kwa kuwa paka ni tohara!

Jino la paka ni jembamba kama sindano. Linazama hadi kwenye kano, likitoka ngozi inajifunga, unaona kitundu tu. Paka wengi wana bakteria kinywani aitwaye pasturela. Akishafungiwa mle ndani anazaliana upesi, na kabla ya siku kwisha mkono umevimba, umekuwa mwekundu, hausogei. Hapo mtu anakimbilia duka la dawa kununua erithromaisini, dawa isiyomweza vizuri bakteria huyo.

Watoto nao hucheza na vitoto vya paka vyenye viroboto. Uchafu wa kiroboto hubaki kwenye kucha, na mkwaruzo mmoja hupitisha bakteria mwingine, bartonela. Wiki chache baadaye mtoto anapata homa na mtoki kwapani. Wengi hupona, ila mwenye kinga iliyoshuka anaweza kuugua vibaya. Mate ya mbwa nayo yana bakteria anayeweza kumuua kwa siku chache mtu aliyetolewa bandama. Mwenye mgonjwa wa selimundu nyumbani alishike sana hili, kwa sababu ugonjwa ule huidhoofisha bandama.

Kisha kuna mkojo. Mnakumbuka Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi: Serikali ilitangaza wagonjwa 20, watatu wakiwa wamefariki, na vipimo vikaonyesha homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya, ng'ombe na mbwa, hukaa kwenye maji na tope, na huingia kupitia ngozi iliyochanika. Sisi baridi ya huku imetupasua magaga, na masika tunakanyaga tope la zizini pekupeku. Vaeni mabuti, ndugu zangu. Na ndoo ya maji ya udhu isilale uani bila mfuniko.

Sasa, uking'atwa au ukikwaruzwa na mbwa au paka, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake majivu, mafuta ya taa wala tumbaku. Na msisugue udongo kwenye jeraha bichi kwa kudhani mnatimiza sunna! Amri ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, imekuja kuhusu chombo alicholamba mbwa, na udongo hubeba pepopunda. Dini iliyomruhusu mwenye jeraha kutayamamu pale maji yanapomdhuru haimtaki mtu ajidhuru kwa jina la tohara. Kituoni watakuangalia pia kwa kichaa cha mbwa. Hicho si bakteria, ni kirusi, na dalili zake zikishaanza hakuna tiba, kwa hiyo usisubiri uone mbwa atakuwaje.

Wala nisisikie mtu ametoka msikitini akaanza kuwapiga mbwa mawe. Mtume ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa, na za mwenye dhambi aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji. Wanyama hawa ni amana. Mwenye mbwa au paka amwone mtaalamu wa mifugo, amchanje, ampe dawa ya minyoo na ya viroboto. Na kama kuna aliyeng'atwa wiki hii akanyamaza, tukishaswali asirudi dukani wala shambani, aende kituo cha afya.