Mwanamume Yuko Wapi?

Andiko: Yohana 8:1–11

Jumapili iliyopita niliuliza: nani humu hufuatilia tamthilia ya jioni? Mikono ikanyanyuka mitatu. Nikauliza tena: nani atanikumbusha ile ya Ijumaa iliishia wapi? Kanisa zima likajibu! Basi leo tuongee ukweli, sote tunatazama.

Turudi kwenye Andiko. Mwanamke ameletwa katikati ya watu, wanasema amefumaniwa katika tendo lenyewe. Mimi si mwanasheria, lakini hesabu naijua: uzinzi haufanywi na mtu mmoja. Na Walawi 20:10 inawataja wote wawili. Sasa mwanamume yuko wapi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Umati ulikuja kumtazama mwanamke, na mawe ulikuwa nayo tayari.

Wapendwa, umati ule haujatawanyika. Uko sebuleni kwetu, kuanzia Kibokoni mpaka Buxton, kila siku saa moja usiku.

Kwanza, tamthilia. Mnaikumbuka Maria, ya Citizen, iliyoanza 2019? Nyumba ziligawanyika, hawa wa Maria, hawa wa Sofia. Wanawake wawili walitukanwa kila jioni na watu waliokoka! Na Luwi, kijana aliyekuwa katikati yao? Yeye tulimhurumia. Sisemi kutazama ni dhambi. Walioitengeneza, Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, tuliwaona mwaka 2018 wakianza kusoma habari pamoja, mume na mke, meza moja. Hiyo nayo ni picha njema ya kumshukuru Mungu. Swali langu ni kwetu sisi watazamaji.

Nilisomea biashara, na jambo moja halijanitoka: mwenye tangazo la sabuni hanunui hadithi, ananunua macho yako. Ugomvi wa wanawake wawili ukikuweka kitini, kesho utaletewa mwingine. Tunalalamika kwamba tivii imeharibika, kumbe sisi ndio wateja.

Pili, habari. Tangu 1995 kuna watafiti ambao kila baada ya miaka mitano huchukua habari za siku moja katika nchi nyingi na kuhesabu ni nani anayezungumziwa na kusikika. Mwaka ule wa kwanza wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020 walifika asilimia 25. Miaka 25, hatua nane tu!

Na hata mwanamke anapotajwa, sisi tunamjibu vipi? Januari 2024 wasichana waliuawa Nairobi katika nyumba za kukodi za muda mfupi. Taarifa haijaisha, watu wameshauliza: alienda kufanya nini huko? Alivaa nini? Mbona hakumwambia mamake? Tarehe 27 mwezi huo watu waliandamana Nairobi na miji mingine, hapa Mombasa pia, kuomba mauaji haya yakome. Wengi wetu tulibaki na swali letu lile lile. Aliyeua tulimsahau. Mwanamume yuko wapi?

Tatu, na hapa naomba mniombee. Muda si mrefu dada mmoja alinijia ofisini, shavu limevimba. Sitamtaja, wala si wa kutafutwa. Nikamkaribisha, nikamwekea maji, kisha swali langu la kwanza likawa: "Dada, kwani ulimfanya nini?" Alinitazama, akainama, akasema, "Hakuna, Pasta." Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Jioni nikiwa nyumbani, kwenye tivii mama mkwe akamuuliza mkaza mwana wake aliyepigwa: ulimfanya nini mwanangu? Maneno yangu! Chai ilinishinda. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nikajua kwamba jiwe nilikuwa nalo mimi, na nilimrushia mtu aliyekuja kujificha kwa Bwana.

Nilimpigia kesho yake nikamwomba msamaha. Alikubali kurudi, akaja na mama mmoja wa kanisa, na safari hii nilinyamaza nikasikiliza. Kisha tukazungumza na mume. Swali la kwanza likaenda kwake.

Angalieni Yesu alivyofanya. Hakujiunga na umati. Aliinama, akaandika chini, akawaacha wasikie mioyo yao wenyewe. Walipoondoka, aliongea na yule mama mwenyewe, ana kwa ana. Hakumhukumu, na hakumwachia dhambi: alimtuma aende maisha mapya.

Wiki hii, katika ushirika wa nyumbani, fanyeni hivi. Tamthilia ikiisha, ulizeni mbele ya watoto: mwanamume yuko wapi, na yeye alifanya nini? Wana wetu wa kiume wasikie baba akiuliza. Mtu akitupa jiwe kwenye grupu la WhatsApp, usilipokee, usilipitishe. Na dada anayeumizwa asiambiwe avumilie tu. Hospitali ya Coast General ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa, na nambari 1195 hupigwa bila malipo. Mlango wangu pia uko wazi, na sitakuuliza ulifanya nini.

Tuombe. Bwana Yesu, tumeshika mawe tukiwa tumekaa kwenye makochi. Tufungue mikono. Tupe macho yako, tuwaone binti zako kama unavyowaona, na utupe wanaume wasiojificha umati unapokusanyika. Kwa jina la Yesu. Amina.