Sisimizi, Tembo na Utani Wetu



Ndugu zangu, katika Sura An-Naml chungu mmoja anawaonya wenzake waingie majumbani, jeshi la Nabii Sulaiman (a.s.) lisije likawakanyaga bila kujua. Sulaiman akasikia, akatabasamu, akamwomba Mola amjaalie kushukuru. Mfalme aliyetiishiwa majini na ndege alitega sikio kwa mdudu!

Nimeirudia sura hiyo kwa sababu ya sisimizi wa kichwa kikubwa, ambaye wanasayansi humwita Pheidole megacephala. Ameenea nchi nyingi za joto, hadi Hawaii, visiwa ambavyo kwa asili havikuwa na sisimizi hata mmoja. Husafiri ndani ya mizigo na udongo wa miche. Nani anapekua sisimizi?

Alifika Laikipia, Kenya. Huko migunga ina walinzi wake, sisimizi wadogo waishio kwenye miiba: tembo akishika tawi, wanamuuma mkongani. Mgeni akawaua walinzi hao. Tembo wakavunja miti, vichaka vikapungua, pundamilia wakawa wanamwona simba kwa mbali. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kuwa huko Ol Pejeta, katika wanyama waliouawa na simba, pundamilia walikuwa asilimia 67 mwaka 2003, na 42 mwaka 2020. Simba wamegeukia nyati, na nyati si mnyama wa mchezo.

Sisi wa Kigali hatuhitaji kwenda Laikipia kuelewa. Mwaka 1994 redio iliwaita majirani zetu mende. Neno tu. Wapo Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo waliolikataa, wakawaficha watu majumbani mwao, na tunajivunia hilo kila Aprili.

Basi hivi karibuni, katika kundi letu la WhatsApp, mwenzetu alibandikwa jina la kumdhihaki kwa namna anavyosoma Qur'ani. Nilicheka. Mimi, ninayesomea dini, niliyehifadhi aya ya 11 ya Al-Hujurat inayokataza majina ya kejeli! Nikajiambia ni utani. Wiki iliyofuata hakuja darsani. Wiki ya pili, wawili waliokuwa wakifuatana naye nao hawakuja, na hakuna aliyeuliza.

Juzi baada ya Isha nilikwenda chumbani kwake kumwomba radhi. Alinipa chai, akasema yameisha. Darsani bado hajarudi.